Sauti Yangu Ilikaa Kasulu

Nilipozinduka baada ya upasuaji, nesi aliniambia nisiongee kwanza, nikamwitikia kwa kichwa. Walikuwa wamenitoa rovu, ule uvimbe wa shingoni. Huku kwetu milimani rovu si jambo la kushangaza. Bibi yangu alizikwa nalo, na mimi nililibeba langu miaka mingi, nikilifunika kwa mtandio, mpaka lilipoanza kunikaba kila nikilala chali. Bandeji ilipofunguliwa nilitaka kumshukuru daktari, ukatoka upepo. Nikajaribu tena, upepo. Daktari akasema mshipa unaoendesha sauti umeguswa wakati wa kazi. Huenda ukaamka wenyewe, huenda usiamke, tuvute subira. Alilisema kwa upole, kama mtu aliyekwisha kuwaambia wengi.

Nikarudi Kibondo na mnong'ono.

Anayeuza nyanya sokoni anaweza kuishi na mnong'ono. Atanyoosha kidole, mteja ataliona fungu, wataelewana. Mimi kazi yangu ilikuwa simu. Nanunua asali kwa warina wa Kitahana na wa vijiji vinavyopakana na msitu, naichuja, naijaza kwenye chupa na madumu. Nta naiyeyusha na kuigandisha vipande. Wanunuzi wangu wengi hawajawahi kuiona Kibondo. Wako Mwanza, Dodoma, Dar es Salaam, na walikuwa wakinijua kwa sauti tu. Anapiga, tunasalimiana, tunaulizana habari za mvua, halafu anataja anachotaka, na kesho yake naupakia mzigo kwenye basi. Mume wangu aliniachia watoto wadogo, na kwa simu hiyo ndiyo niliwasomesha.

Sasa ikiita nilikuwa naitazama tu. Nikipokea, wa upande wa pili anasema, "Haloo? Haloo? Mtandao huu!" anakata. Anapiga tena, nanong'ona tena, anakata tena. Wengine waliogopa. Mmoja aliniuliza kwa meseji kama nimetekwa. Nikasema basi nitaandika, lakini kila nilichoandika kilizaa maswali: Mama, unaumwa nini? Ni kansa? Umetibiwa wapi? Kuna majani ukichemsha yanasaidia. Nilichoka kuieleza shingo yangu kuliko nilivyochoshwa na shingo yenyewe.

Binti yangu, anayefanya kazi Dar es Salaam, ndiye aliyenipa wazo. "Mama, siku hizi wenye biashara ndogo wanaajiri msaidizi wa mtandaoni," aliniambia. "Anakaa kwake, wewe unakaa kwako. Simu zako zote zinahamishiwa kwake. Anajibu, anapokea oda, jioni anakutumia meseji nani anataka nini."

"Mtu nisiyemwona?" nikanong'ona, simu nimeigandisha kwenye midomo.

"Mama, kwani wateja wako unawaona?"

Nikamwambia atafute.

Wa kwanza alikuwa kijana wa hukohuko Dar. Alikuwa mwepesi, hilo sitamnyima. Kabla simu haijaita vizuri ameshapokea. Lakini kila mtu kwake alikuwa bosi, na mama wa watu mwenye wajukuu alimwita mrembo. Nina mteja mmoja Dodoma, mwalimu wa kanisa, mtu wa makamo asiyependa mchezo. Huyo aliambiwa, "Mzee baba, relax, mzigo upo wa kumwaga." Ulikuwa wakati ambao warina hawajaingia msituni, na kwangu palikuwa na madumu matupu. Nilijua yote hayo wateja walipoanza kuniandikia kwa hasira kuulizia mizigo ambayo sikuwahi kuisikia. Mmoja alikuwa anadai asali nyeupe. Nikamwandikia kijana, "Mwanangu, asali nyeupe sisi hatuna." Akanijibu, "Mama, mteja haambiwi hakuna."

Tukaachana kwa amani. Alinitakia maisha marefu.

Binti yangu akaona tatizo ni watu, akaniwekea mashine. Sijui ilivyofanya kazi. Mtu akituma ujumbe inamjibu yenyewe, saa yoyote, haichoki, haimwiti mtu mrembo. Kwa muda nilipumua. Kisha yule mwalimu wa Dodoma akaandika kwamba mzigo wake uahirishwe, amefiwa na mama yake, anasafiri kwenda kuzika. Mashine ikamjibu papo hapo: "Asante kwa ujumbe wako! Tunafurahi kukuhudumia. Je, ungependa kuongeza bidhaa nyingine kwenye oda yako?"

Akaandika, "Sawa, mama."

Maneno hayo mawili yaliniuma kuliko kama angenitukana. Nilijaribu kumpigia. Nikanong'ona pole, na pole yangu haikufika. Nikamwambia binti yangu aizime.

"Inajifunza polepole, mama."

"Ikajifunzie kwa wengine."

Huyu wa tatu sikumpata mtandaoni. Jirani yangu, fundi cherehani ambaye kibanda chake kinagusana na changu, alinisikia nikihangaika na simu akaniambia ana wifi yake Kasulu aliyekuwa mkalimani katika kambi ya Mtendeli, wakati Warundi walipokuwa pale. Alikuwa anasimama kati ya watu wa mashirika na wakimbizi. Kambi ikafungwa, watu wakahamishwa, wengine wakarudi kwao, kazi ikaisha. Wazazi wake nao walitoka Burundi zamani, yeye mwenyewe akazaliwa huku, na familia yote ilikwisha kupata uraia. Sasa alikuwa nyumbani akimuuguza baba yake ambaye miguu na mkono mmoja vilikuwa vimekufa ganzi. Hawezi kutoka kwenda kutafuta kazi nyingine, lakini simu anaweza kupokea.

Nilimpigia mchana, duka likiwa tupu. Nikanong'ona jina la biashara, nikanong'ona shida yangu, nikanong'ona kuhusu wateja, nikipumzika katikati maana koo lilikuwa linakauka. Hakusema haloo hata mara moja. Nilidhani amekata. Nilipomaliza ndipo akasema, "Shikamoo, mama. Nimekusikia yote. Pole na shingo."

Nilikaa chini kwenye dumu. Ni mwanamke wa makamo, sauti yake nzito kidogo, Kiswahili chake kina ule mdundo wa kwetu wa Kiha, na ndani yake Kirundi cha nyumbani kwao.

"Mama, kabla hatujakubaliana nina swali," akasema. "Nikipokea simu zako, niseme 'mimi', au niseme 'mama anasema'?"

Nikamuuliza tofauti ni nini.

"Kambini tulitakiwa kusema 'mimi'. Mtu akisema, nilikimbia na watoto, na mkalimani anasema, nilikimbia na watoto. Ndivyo wakubwa walivyotaka, ili maneno yasipotoke. Ila inachosha. Ukirudi nyumbani jioni hujui aliyekimbia ni nani."

Wale wengine wawili hakuna aliyeniuliza swali. Hapo hapo nilijua nimempata niliyekuwa namtafuta, na hapo hapo nikajibu vibaya.

"Sema 'mimi'," nikanong'ona. "Nimechoka kujieleza kwa watu."

"Una hakika, mama?"

"Nina hakika."

"Haya," akasema.

Kazi ikaenda vizuri kiasi kwamba niliona aibu kwa miezi niliyoteseka. Wateja waliorudi walimshukuru Mungu kwamba sauti yangu imepona, wakasema imekuwa tulivu. Mzigo ambao haupo aliusema haupo, na watu walikubali kusubiri. Kwa warina alizungumza lugha yao. Mzee mmoja wa Kitahana alikuja dukani na masega yake, akaweka ndoo chini, akanisalimia, "Mwakeye," kisha akaanza kucheka. "Siku hizi ukiwa simuni unasema Kiha cha kuvuka mto, cha Burundi!" Yeye alijua, maana alikuwa anakuja na kuuona mdomo wangu unavyohangaika. Nami nilicheka, mabega tu yakitikisika.

Kila jioni ilikuja meseji moja. Dodoma, madumu. Dar, chupa ndogo. Mwanza, nta. Nami asubuhi napanga, nafunga, napeleka stendi. Nilikuwa sijaishi hivyo tangu nianze biashara, bila kuitwaitwa. Nilichuja asali nikisikiliza inavyodondoka. Lakini uchovu haukuisha. Nilikuwa nimezoea uchovu wa kuhitajika na kila mtu. Huu ulikuwa mwingine, wa kukaa ndani ya biashara yako kama mpangaji. Wakati mwingine simu ya mtu mwingine ikilia barabarani, mkono wangu ulikwenda mfukoni wenyewe.

Mgeni alikuja mwanzoni mwa mvua za vuli. Nilikuwa nimeinama juu ya sufuria ya nta. Nikasikia mtu anauliza nje, "Ndiyo hapa kwa mama wa asali?" Fundi cherehani akamwonyesha. Akaingia mwanamke wa umri wangu, gauni jeusi, mkoba wa safari begani, viatu vimejaa tope jekundu. Akasimama, akanitazama, akafungua mikono.

"Dada yangu! Ni wewe?"

Akanikumbatia kabla sijajifuta mikono. Akalia begani kwangu, kilio cha mtu aliyekibeba kwenye basi mchana kutwa. Nilimshika tu. Alipoweza kusema, aliniambia ametoka Mwanza, na kwamba alijiapiza lazima anione kwa macho yake kabla mwaka wa msiba haujaisha.

Hapo nikajua ni nani. Kwangu alikuwa neno moja kwenye meseji za jioni: Mwanza, nta. Anatengeneza sabuni na mafuta ya kupaka. Sikujua kama ana msiba.

Nikamketisha kwenye kiti changu. Akaendelea. Mume wake alipatwa na kiharusi, akalala kitandani muda mrefu, upande mmoja umekufa na ulimi umefungwa. Ndugu walikuja mwanzoni, kisha wakachoka. Yeye alikuwa ananipigia mchana mgonjwa akisinzia, anaagiza nta hata akiwa hana haja nayo, apate mtu wa kuongea naye.

"Ulivyoniambia nimwoshe mwenyewe," akasema. "Nisimwachie msichana wa kazi. Nianze na mkono uliokufa, ili usijione umesahauliwa. Na nimweleze habari za mjini hata kama hajibu. Dada, nilifanya. Siku anaondoka nilikuwa namwosha, nikimsimulia jinsi sabuni ilivyogoma kuganda. Alikwenda ananitazama. Ningekuwa sebuleni, ningejilaumu maisha yangu yote."

Nikaitikia kwa kichwa. Alisema mengine, mambo ya mke na mume, ya kitandani, ya maneno makali aliyomwambia mgonjwa siku moja akiwa amechoka akaja kuniungamia mimi. Nikaitikia kwa kichwa kila moja. Sikujua nifanye nini kingine. Nta ilianza kunuka kuungua, nikaenda nikaitoa motoni, nikarudi, naye alikuwa ananitazama kwa namna nyingine.

"Mbona huongei, dada? Simuni maneno yako huwa hayaishi."

Ningeweza kumwonyesha kovu na kusema sauti imeharibika juzi. Lilinipitia akilini. Lakini mwanamke huyo alikuwa ametoka mbali, na bega langu lilikuwa bado limeloa machozi yake. Nikavuta kigoda karibu na sikio lake, nikamwambia yote kwa mnong'ono: rovu, upasuaji, simu zinazohamishiwa kwa mwingine.

Mkono wake ulikuwa juu ya wangu. Akauondoa.

"Kwa hiyo nilikuwa naongea na nani?"

"Na mtu wa Kasulu. Nimemwajiri."

"Umemwajiri." Akalirudia neno hilo taratibu. "Mambo ya chumbani kwangu. Mambo ya mume wangu akiwa uchi na hana uwezo."

Nikataka kumtuliza. Nikanong'ona, "Hakuniambia hata moja. Naapa, sikujua chochote."

"Basi wewe hata pole hukuwa nayo," akasema.

Akachukua mkoba wake. Nilimfuata hadi barabarani, nikimwita, na hakuna aliyegeuka, maana hakuna aliyesikia. Fundi cherehani alimwita kwa niaba yangu, "Mama! Mama, subiri!" Hakusimama. Alilala nyumba ya wageni karibu na stendi, na asubuhi akaondoka na basi la Mwanza.

Jioni ile ile aliyokuja nilimpigia msaidizi wangu. Nilikuwa na hasira, na hasira ya kunong'ona inachosha kuliko ya kupiga kelele. Nikamsimulia. Nikamuuliza kwa nini hakuniambia habari za mwanamke yule.

"Mama, hayakuwa ya asali," akasema.

"Alidhani ni mimi!"

"Ndiyo. Hapo ndipo palinishinda." Nikasikia anavuta pumzi. "Nilitaka kumwambia. Halafu analia, nasema ngoja amalize kulia. Halafu mgonjwa anazidiwa, nasema ngoja apate nafuu. Halafu anakufa. Siku gani ningemwambia?"

"Na yale ya kumwosha, uliyatoa wapi?"

"Si baba yangu yuko hapa? Namwosha kila asubuhi. Mkono uliokufa kwanza sikuusoma popote, mama. Nilikuwa namwambia ninavyomfanyia baba. Pale niliposema 'mimi', nilikuwa mimi kweli."

Nikakata simu bila kuaga. Nilikaa na giza linaingia dukani, nikijiuliza ningemwambia nini mwanamke yule kama sauti ingekuwa yangu. Nilijijua. Ningesema, pole sana dada, Mungu ni mwema, nta yako itatoka Ijumaa. Maana nyuma yake kungekuwa na simu nyingine inasubiri. Ndivyo nilivyokuwa nikiwajibu watu miaka yote, na nilijiona mkarimu.

Baada ya siku chache nilikwenda Kasulu. Sikuwa na mpango wowote. Nilitaka tu kumwona niliyemchagua. Nyumba yao iko pembeni ya mji, mbele kuna maharage, nyuma migomba. Baba yake alikuwa amelazwa kwenye mkeka juani, blanketi miguuni, na binti yake anamnyoa ndevu. Msaidizi wangu alikuwa mfupi kuliko sauti yake. Simu yenye wateja wangu ilikuwa kwenye kizingiti cha dirisha, mahali pekee ambapo mtandao unashika, na kila ilipoita alikimbia na povu mikononi.

Nilimsalimia mzee kwa mnong'ono. Akatega sikio, akashindwa, akamtazama binti yake. Naye, bila kufikiri, akasema, "Habari za asubuhi, baba, nimekuja kuwaona." Kisha akashtuka, akajishika mdomo. Tukatazamana. Sijui nani alianza kucheka.

Tulikula ugali wa muhogo na dagaa. Akaniambia kama nataka kumwachisha anaelewa. Nikamwambia nataka aache kuwa mimi, lakini kazi aendelee nayo. Tukaandika ujumbe pamoja, mimi nikinong'ona, yeye akiweka sawa, tukautuma kwa wateja wote: kwamba sauti yangu haikurudi, kwamba anayepokea simu ni mwanamke mwingine anayenisaidia, na kwamba tunaomba radhi kwa kutosema mapema.

Wengine walinuna, wawili watatu hawakuagiza tena. Wengi walisema pole. Mwalimu wa Dodoma aliandika papo hapo, tukiwa bado tunakula, "Mimi nilijua, mama. Wewe hukuwahi kunisubiri nimalize kusema." Nilimsomea msaidizi wangu, akainamisha kichwa juu ya sahani ili asionekane anacheka.

Mwanza ilikaa kimya. Mvua zikaja, zikapungua, zikarudi kwa nguvu. Nilimwandikia mara kadhaa nikafuta kabla ya kutuma. Ujumbe mmoja tu ulikwenda, wenye neno pole, haukujibiwa. Msaidizi wangu hakumtafuta. Alisema mtu aliyefunga mlango aachwe afungue mwenyewe.

Akafungua, ila si kwangu. Alipiga simu akauliza, "Wewe ndiye wa Kasulu?" Akajibiwa ndiye. Akauliza, "Baba anaendeleaje?" Zaidi ya hapo sikuambiwa, na safari hii sikuuliza. Najua tu kwamba wanazungumza. Fundi cherehani, mwenye habari zote za wifi yake, anasema kuna sabuni ilitumwa kutoka Mwanza kwa ajili ya mzee, isiyowasha ngozi.

Sauti yangu imerudi nusu. Inakwaruza, na ikifika adhuhuri inakwisha. Daktari ameridhika kuliko mimi. Binti yangu anasema sasa naweza kurudisha simu zangu mwenyewe na kumshukuru yule mama wa Kasulu kwa wema wake. Nimemwambia hapana. Asubuhi nawasalimia warina kwa mdomo wangu, nabishana nao kuhusu masega yenye maji, na hiyo inatosha kunimaliza.

Wiki iliyopita meseji ya jioni ilikuja kama kawaida. Dar, chupa ndogo. Dodoma, dumu. Mwanza, nta. Chini ya hapo kulikuwa na mstari mmoja wa ziada: Wa Mwanza anakusalimu, mama. Niliusoma nikiwa nimesimama, kisha nikatafuta kamba ya kufungia mzigo.